Nyama ya Watasema

"Na huyo naye mmekuja naye?" Joyness aliuliza kabla hata hajaitikia salamu.

Domitila alikuwa ameinama, anateremsha furushi la vyombo kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Hakuhitaji kugeuka ili ajue anayesemwa ni nani. Watasema alikuwa ameshashuka, au tuseme ameshushwa, maana Mayige alimbeba kifuani kama gunia la mbegu akamsimamisha chini. Sasa mbwa alikuwa anauzunguka ua ule mgeni taratibu, pua ardhini, akijigonga kwenye ndoo, kwenye shina la mpapai, na mwisho kwenye miguu ya Joyness mwenyewe.

"Ni wa watoto, dada," Domitila alisema. "Mzee tu huyu, hana neno na mtu."

"Ananuka."

Winnie, aliyekuwa darasa la pili na ameshajua kusoma nyuso za watu wazima, alimkamata mbwa shingoni akamvuta pembeni. Mdogo wake Milembe, wa miaka minne, alikuwa bado hajajifunza somo hilo. "Haoni, mama mkubwa," alieleza kwa furaha. "Lakini ukimwita anakuja. Mwite uone."

Joyness hakumwita. Aliwaonyesha chumba cha uani, kile kilichokuwa stoo ya viroba na dawa za pamba, akarudi ndani.

Ndivyo walivyohamia kwa Luhaga, kaka yake Mayige, mjini Bariadi. Huko Ngulyati Mayige alikuwa mlinzi wa ghala la chama cha ushirika, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya ghala. Soko la pamba lilipoachiwa huru, chama kikadhoofika, na tajiri mmoja wa Mwanza akalikodi ghala akaja na walinzi wake wenye sare. Mlinzi wa zamani akaambiwa asante. Luhaga ndiye aliyekuwa wakala wa tajiri huyo huyo mjini: nyumba ya bati, sakafu ya saruji, redio kaseti sebuleni, kreti za soda chini ya kitanda. Alipopata habari za mdogo wake alituma mtu aseme, njooni, damu haitupwi porini. Hilo alilifanya mwenyewe, bila kuombwa, na Domitila hakulisahau hata baadaye.

Mbwa alikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wote wawili. Mayige alimleta akiwa kitoto, ndani ya shati, wakati ule Domitila ana miaka kadhaa ya ndoa na hana mimba, na majirani wameshaanza kuhesabu kwa sauti. "Huyu anaitwa Watasema," Mayige alimwambia mkewe. "Wakisema, tunamwita aje ale." Domitila alicheka hadi akalia. Winnie alipozaliwa, mbwa yule alilala chini ya kitanda chake. Milembe alijifunza kusimama kwa kushika manyoya yake.

Kwa Luhaga hakuna aliyemwambia Domitila kwamba amekuwa mfanyakazi wa ndani. Ilitokea tu. Alichota maji kwa sababu alikuwa anakwenda kisimani, akafua kwa sababu beseni lilikuwa tayari, akapika kwa sababu moto aliuwasha yeye. Jioni Luhaga na Joyness walikula sebuleni, na Domitila na watoto wake walikula jikoni mboga ya mlenda na ugali. Nyama ikipikwa, harufu ilikuwa ya wote.

Joyness hakuwa mtu mbaya. Alimpa Winnie gauni la shule, na Milembe alipoumwa alitoa vidonge kwenye mkoba wake mwenyewe. Lakini alikuwa na namna ya kusema vitu akiwa anatafuta kitu kingine, bila kumtazama mtu. "Mama Winnie, hivi mwenzangu umewahi kuona sabuni ikiisha hivi?" Au: "Leo nani amekojoa barazani, mtoto au yule?"

Alikuwa yule. Watasema hakuweza tena kuzuia mkojo. Kila alfajiri Domitila aliamka kabla ya wenye nyumba, akasugua baraza kwa majivu na maji. Mchana Milembe alimfunga kitambaa shingoni akamwongoza nyuma ya choo kama mtu anayemwongoza bibi yake, akimnong'oneza, "Hapa sasa. Kojoa. Mama mkubwa haoni."

Mayige alipewa kazi ya kubeba viroba kwenye mizani. Malipo, kaka yake alisema, tutaangalia mwisho wa msimu. Mayige hakuuliza mwisho wa msimu ni lini. Alirudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nywele, akaketi mlangoni mwa stoo, na mbwa akaja kuweka kichwa kwenye goti lake. Walikaa hivyo, wawili, kama walivyokaa miaka yote mlangoni mwa ghala.

*

Siku tajiri alipokuja kula chakula cha mchana, mbuzi alichinjwa asubuhi.

"Mama Winnie," Joyness alisema akiwa anapanga vikombe, "leo yule afungwe. Na watoto wakae huko huko nyuma. Sisemi kwa ubaya."

"Nimesikia, dada."

Domitila alimfunga Watasema kwa kipande cha kanga kwenye nguzo ya nyuma ya stoo, akawaweka Winnie na Milembe wamlinde. Kisha alirudi jikoni, akapika wali, akakaanga nyama, akamwagia mchuzi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko. Mara mbili Milembe alichungulia mlangoni, na mara mbili mama yake alimfukuza kwa mkono.

Tajiri alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, amevaa suruali ya rangi ya maziwa. Waliketi barazani kwa ajili ya upepo. Luhaga alizungumza zaidi ya kawaida yake. Alisema msimu ujao angeweza kukusanya pamba hadi ya vijiji vya Migato, mradi apewe mizani nyingine na lori. Tajiri alitafuna na kuitikia kwa kichwa. Mayige alisimama pembeni ya baraza na birika la kunawia.

Nyuma ya stoo, Milembe aliona ulimi wa mbwa umetoka nje. Alimwambia dada yake, ana kiu. Winnie alikwenda kutafuta maji. Aliporudi na kopo, kitambaa kilikuwa kimefunguliwa na Milembe peke yake amekaa chini.

"Yuko wapi?"

"Nilimfungua ili anywe," Milembe alisema.

Watasema alifuata pua. Alipita kando ya jiko, akapanda ngazi ya baraza kwa taabu, akaenda moja kwa moja kwenye harufu ya mbuzi. Hakubweka wala kuonyesha meno, maana meno yenyewe yalikuwa yamebaki machache. Aliweka tu kidevu chake juu ya goti la tajiri, kama alivyozoea kuweka kwenye goti la Mayige.

Tajiri aliruka. Chupa ya soda ikaanguka, suruali ya rangi ya maziwa ikaloa kuanzia paja hadi goti, na juu ya soda kukawa na ute wa mbwa.

"Hapa ni kwa wakala wangu au ni zizini?" alisema. Kisha akacheka, kicheko kifupi ambacho hakikumfikia mtu mwingine yeyote.

"Mayige!" Luhaga aliita. "Umesimama unatazama nini? Mfute mzee!"

Domitila aliona kupitia dirisha la jiko. Aliona mume wake akiweka birika chini, akichukua kitambaa begani, akipiga magoti mbele ya mtu yule aliyelichukua ghala. Mayige alifuta paja, akafuta goti, akafuta na kiatu. Alipomaliza, tajiri alimwambia asante kijana. Mayige alikuwa na mvi kwenye ndevu.

*

Mgeni alipoondoka, Luhaga alikuja nyuma bila kupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Mdogo wangu, mimi sikufukuzi. Umenisikia? Nakulisha wewe na mkeo na watoto, na sijawahi kusema. Lakini yule mtu akiniona mimi mshamba, hiyo kazi kesho anampa mwingine. Tutakula wapi, wote?"

Mayige alitazama chini.

"Sema kama nimekosea."

"Hujakosea, kaka."

Luhaga alimpa chupa ndogo ya dawa ya kupulizia pamba. Joyness alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la bluu la bati, na ndani yake pande la nyama ya mbuzi, si mfupa mtupu, nyama yenyewe, yenye mafuta pembeni. Alimkabidhi Mayige akiwa ametazama ukuta. "Afadhali apate kitu kizuri," alisema.

"Kabla jua halijazama," Luhaga alisema. "Usimwache ateseke bure."

Mayige alisimama na chupa mkono mmoja na bakuli mkono mwingine. Alimtazama mke wake kwenye mlango wa jiko. Domitila angeweza kusema neno pale. Alikuwa na neno. Lakini alifikiria stoo, na kule Ngulyati ambako hakuna nyumba, na gauni la shule la Winnie. Akawaza: ni mbwa. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, lakini ndivyo alivyowaza. Akageuka, akainamia masufuria.

Alisugua sufuria la wali kwa mchanga hadi vidole vikamuuma. Hakutaka kusikia kitu chochote kutoka nyuma, na hakusikia. Ndipo Winnie akaja mbio.

"Mama, Milembe anakula nyama."

"Nyama gani?"

"Ile ya kwenye bakuli la bluu. Anamgawia na Watasema."

Sufuria lilimtoka mikononi. Baadaye hakukumbuka namna alivyofika. Aliwakuta nyuma ya stoo, mtoto na mbwa, wamekaa bega kwa bega. Midomo ya Milembe iling'aa mafuta. Bakuli lilikuwa tupu, na Watasema alikuwa analilamba akilisukuma mbele kwa pua. Chupa haikuwepo. Harufu ya dawa ilikuwepo, lakini mahali pale ilikuwepo siku zote, na Domitila hakuweza kujua kama ni ya stoo au inatoka kwenye mdomo wa mwanawe.

Alimkamata, akamlaza kifudifudi juu ya paja, akamtia vidole kooni. "Tapika! Tapika, ng'wana wane, mwanangu! Ni sumu! Tapika!"

Milembe alitapika. Alipopata pumzi alilia, si kwa sababu ya tumbo. "Nilimgawia, mama! Sikula peke yangu! Nilimgawia!"

Alidhani anapigwa kwa uchoyo.

"Mayige!" Domitila alipiga kelele ambayo nyumba ya tatu waliisikia. "Mayige wee, umeniulia mtoto!"

Mayige alitokea upande wa shamba la pamba lililokuwa nyuma ya ua, anakimbia, viatu vimemtoka. "Sijatia!" alikuwa anapaza sauti kabla hajafika. "Mama Winnie, sijatia! Nimeitupa!"

"Umeitupa wapi?"

"Chooni. Yote, na chupa yake. Nyama niliiacha tu, ale. Nikaenda kule mbali kwa sababu... sikujua nitamwambia nini kaka."

"Apa."

"Mungu mmoja, mama Winnie. Naapa kwa hawa watoto."

Hata hivyo Domitila hakumwachia mtoto. Joyness alifika mbio na kikombe cha maziwa, nusu imemwagika kwenye kanga. "Anywe," alikuwa anasema, "anywe, anywe mwanangu, yanakata sumu." Alipiga magoti kwenye matapishi bila kujali, akakishika kichwa cha Milembe. Milembe alikunywa, akakohoa, akanywa tena.

Luhaga alifika wa mwisho. Alisimama, akaangalia mtoto, akaangalia bakuli. Kisha akamtazama mbwa, aliyekuwa amejilaza na kuweka kichwa juu ya miguu ya Winnie.

"Kwa hiyo hukumpa," alimwambia Mayige.

Joyness aliinua uso akamtazama mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale Domitila aliona kuwa yule mwanamke naye ameona haya.

"Shemeji," Domitila alisema polepole, "mtoto yuko hapa chini. Huyu hapa. Hujauliza habari zake."

*

Milembe hakudhurika. Alilala jioni ile, akaamka asubuhi anadai uji. Lakini Domitila alikuwa ameshafunga furushi. Mayige alimkuta anafunga fundo la mwisho, akakaa kitandani.

"Tunakwenda wapi?"

"Ngulyati."

"Kwa nani?"

"Sijui. Kwa mtu."

Mayige aliinuka akaenda kumbeba mbwa.

Safari hii hapakuwa na mkokoteni. Waliazima baiskeli, wakafunga tenga kwenye keria ya nyuma, wakamkalisha Watasema ndani yake na kumfunika kipande cha kiroba kwa ajili ya jua. Milembe alikaa mbele kwenye bomba. Domitila na Winnie walitembea nyuma na mizigo. Watu waliokuwa wanapeleka pamba walisimama kutazama. "Ngosha, bwana, unampeleka mgonjwa hospitali?" mmoja alipiga kelele, na wenzake wakashika mbavu. Mayige aliendelea kusukuma baiskeli.

Jirani yao wa zamani, mjane mmoja aitwaye Nyanjige, alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu juu ya jabali alipowaona wanakuja.

"Mwadila, mayu," Domitila alimsalimu, akapiga goti na furushi likiwa bado kichwani.

"Mwadila." Nyanjige aliwaangalia wote mmoja mmoja, hadi kwenye tenga. Hakuuliza kilichowarudisha. "Nyumba ya mbuzi ipo," alisema. "Mbuzi waliniishia. Mkifagia mtalala."

Walifagia. Mayige alikata nyasi akaziba paa, akaanza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Domitila alilima upande wa Nyanjige kwa kugawana mavuno. Kulikuwa na siku walizokula michembe asubuhi na michembe jioni, na siku hizo Domitila alipokutana na macho ya mume wake aligeuza uso, asije akaona machoni mwake swali ambalo hata yeye alikuwa nalo.

Watasema aliishi hadi mvua za kwanza. Mwishoni hakusimama tena. Winnie alimlisha uji kwa kiganja, na Milembe alimpigia nzi kwa kijiti. Mchana mmoja Domitila alirudi kutoka shambani akamkuta Milembe bado anapiga nzi, kwa uangalifu, na mbwa ameshapoa.

"Amelala," mtoto alisema.

"Amekufa, mwanangu," Domitila alisema.

Milembe aliacha kupiga. "Nani alimpa chakula?"

"Winnie, asubuhi. Uji."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna. Alizeeka tu. Mbwa akizeeka sana anakufa. Hakuna mtu aliyempa kitu."

Aliuliza tena usiku, na kesho yake, na siku iliyofuata, kwa maneno yale yale, na kila mara Domitila alijibu kwa maneno yale yale.

Mayige alimchimbia shimo kando ya shamba. Wapita njia walishangaa, mtu mzima anamzika mbwa kama mjomba wake. Mayige alichimba kwenda chini sana, kuliko ilivyohitajika, na alipomaliza kufukia alibaki ameegemea jembe na mgongo wake ukatikisika. Domitila aliwaita watoto wamsaidie kuchuma mboga upande wa pili wa nyumba, ili baba yao aachwe.

*

Luhaga alikuja Jumapili moja kwa pikipiki, na sukari na pakiti ya biskuti. Alikuwa amekonda kidogo. Nyanjige alimtolea kigoda, Domitila akamletea maji ya kunywa, wakaulizana habari za huku na huku, za mvua, za Joyness.

"Anawasalimu," Luhaga alisema. "Anasema nyumba imekuwa kimya." Aliangaza macho uani. "Na mbwa?"

"Alikufa," Mayige alisema.

"Oo. Pole." Luhaga alikunywa maji yote, akashika bilauri tupu mkononi. "Basi si mrudi sasa? Kitu chenyewe kilichotugombanisha hakipo tena. Msimu umekaribia, nahitaji mtu wangu kwenye mizani. Safari hii malipo kila wiki. Tajiri amekubali."

Domitila aliangalia miguu ya mume wake, iliyopasuka kwa kulima mashamba ya watu, akajua atajibu nini, akajua pia kwamba hatamlaumu.

"Kazi nitakuja, kaka," Mayige alisema. "Kulala nitalala hapa."

"Ni mbali."

"Nitaondoka mapema."

Luhaga aliitikia kwa kichwa. Alionekana kutafuta kitu cha kufanya na mikono yake, kisha akafungua pakiti ya biskuti na kuwaita watoto. Winnie alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akarudi nyuma. Milembe naye alipokea, akasema shikamoo baba mkubwa kama alivyofundishwa. Lakini hakula. Alitembea na biskuti yake hadi kwa mama yake, akamwekea mdomoni.

"Wewe kwanza," alisema.

Luhaga aliona. Aliweka bilauri chini, akasema anawahi mvua, na Mayige akainuka kumsindikiza hadi barabarani. Walitembea na pikipiki katikati yao, imezimwa, kila mmoja akisukuma upande wake.

Domitila aliuma biskuti, akatafuna, akameza. "Tamu," alimwambia mwanawe. "Ona. Tamu kabisa. Kula."

Milembe aliichukua ile iliyobaki, akaishika kwenye kiganja. Akakaa chini mbele ya mama yake, akamkazia macho, akasubiri.